Watu 42, ukumbi mmoja, saa moja: michezo ya kufahamiana isiyomwaibisha mtu

Swali: Mimi ni muuguzi, nina miaka 27, nipo Mvomero mkoani Morogoro. Tunakaribia kuanza mafunzo ya siku tano ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Washiriki ni 42, wanawake 25 na wanaume 17. Mdogo ana miaka 22 na mkubwa 61. Wanatoka Turiani, Dakawa, Mlali, Melela, Doma na Mgeta, na wengi hawajawahi kuonana. Nimepewa saa moja ya kwanza niwasaidie kufahamiana. Kwenye mafunzo mengine niliyohudhuria, kila mtu alisimama akajitambulisha, na saa nzima ikaisha hapo. Halafu ukaletwa mchezo wa kuimba na kukatika, na aliyekosea alitolewa mbele acheze peke yake. Wazee walibaki vitini, na ukumbi ukawa kimya mpaka jioni. Nichague michezo gani?

Jibu: Kabla ya kuchagua mchezo, piga hesabu, maana huko ndiko saa ile ilikopotelea. Mtu akipewa dakika moja ya kujitambulisha hutumia moja na nusu. Atasukuma kiti, atausalimia ukumbi, atawashukuru waandaaji, ndipo ataje jina. Watu 42 kwa dakika moja na nusu ni dakika 63. Katika dakika hizo zote kila mmoja amesema mara moja tu, na wala hakuwasikiliza wenzake: kabla ya zamu yake alikuwa anapanga maneno, na baada ya zamu yake alikuwa anashusha pumzi. Ukiuliza wakati wa chai, atakumbuka majina ya wawili, yule aliyemtangulia na yule aliyechekesha.

Lakini usijitwishe lisilowezekana. Ili kila mtu akutane na kila mtu, watu 42 wanahitaji makutano 861. Lengo la saa moja liwe dogo na la kupimika: ifikapo chai ya saa nne na nusu, kila mshiriki awe ameongea ana kwa ana na wenzake saba au wanane, anajua majina yao na wanakotoka, na ana kikundi cha kufanya nacho kazi. Hao wanatosha. Mtu mwenye watu wanane ukumbini hasiti kunyoosha mkono.

Sasa wale wazee waliobaki vitini. Wengi huona kwamba wazee hawapendi michezo, na si kweli. Nenda ukawaangalie kwenye bao. Wasichopenda ni kuamriwa na kijana wakatike mbele ya watoto wa rika la wajukuu wao. Mchezo huo unampokonya mzee heshima aliyoingia nayo na haumpi kitu badala yake. Kwa hiyo ukiwa unapima mchezo wowote, jiulize jambo moja: yule aliye mgumu kuliko wote humu ndani, awe mzee wa miaka 61 au binti wa miaka 22 mwenye sauti ndogo, ana nafasi gani ya kushinda hapa? Mchezo wa kuruka na kukimbia unampa ushindi kijana mwenye miguu. Mchezo wa methali na vitendawili unampa mzee ujuzi wake wa siku zote, na kijana naye hatoki patupu kwa sababu alisoma hayo hayo shuleni. Ndiyo maana mpango ninaokupa umejengwa juu ya maneno kuliko viungo.

Vitu vya kuandaa jana yake

Manila za rangi mbili, tuseme njano na kijani, karatasi sita za ukubwa wa A4 kwa kila rangi. Kata kila moja vipande vinne. Utapata kadi 24 za njano na 24 za kijani. Unahitaji 21 na 21, zinazobaki ni za akiba. Kalamu rashasha saba. Utepe wa gundi wa karatasi kwa ajili ya majina, roli moja yenye upana wa kama sentimita tano. Saa yenye mshale wa sekunde au simu. Mtu mmoja wa kukusaidia, ambaye umeshamweleza kila hatua.

Ukumbi uwe na eneo tupu la angalau mita sita kwa sita. Viti visogezwe ukutani kabla watu hawajafika. Wakishakaa kwa mistari kama kanisani, utatumia dakika kumi kuwatoa huko, na watu wa zahanati moja watakuwa wameshabanana pamoja.

Mlangoni kila mtu aandikiwe jina kwenye utepe, na muulize hivi: "Ungependa tukuiteje hapa?" Wengine watasema jina, wengine watasema Mama Neema au Mzee Kobelo. Andika atakavyo. Usiandike cheo. Herufi ziwe na urefu wa sentimita mbili na zaidi, zisomeke mtu akiwa hatua nne mbali. Maandishi ya kalamu ya kawaida yatamlazimu mwanamume kuinama kifuani kwa mwanamke asiyemjua ili asome jina lake, na hilo peke yake linatosha kuharibu asubuhi.

Jambo jingine la mlangoni, ingawa si mchezo: tangaza mapema nauli na posho zitalipwa siku gani na saa ngapi. Mtu anayewaza atarudije Mgeta jioni hachangamki kwa methali wala kwa ngoma.

Ishara ya kunyamaza

Ukumbi wa bati wenye watu 42 wanaoongea wawili wawili una sauti 21 kwa wakati mmoja. Hutazishinda kwa kupaza yako, na ukianza kupiga meza umeshakuwa mwalimu wa zamu. Tumia kitu wanachokijua tangu utotoni: wewe unasema "Kitendawili!", wao wanajibu "Tega!", kisha kimya. Wafanyishe mara mbili mwanzoni kabisa. Ukishaanza kuitumia, usiseme neno mpaka kimya kiwe kimetimia. Ukianza kuelekeza huku watu watano bado wanaongea, ishara imekufa, na haifufuki siku hiyo.

Dakika 12 za kwanza: ramani ya sakafuni

Waambie wakiwa bado wamesimama pembeni kwamba sakafu hii ni wilaya yao. Onyesha kwa mkono: Turiani huku kaskazini, Dakawa hapa katikati, barabara ya Iringa inapita pale ikiwa na Melela na Doma, Mlali hapa, na Mgeta kule kusini milimani. Weka kiti kimoja mahali pa Dakawa ili kuwe na alama. Kila mtu asimame anapotoka. Wasaidiane wenyewe kwa wenyewe, usiwapange. Mabishano yatakayozuka kuhusu kijiji fulani kiko upande gani wa mto ndiyo mchezo wenyewe, kwa sababu watu wanaongea bila kujua kwamba wameshaanza kuongea.

Wakishatulia, toa swali la kwanza kwa majirani watatu watatu, dakika mbili: "Leo umefikaje hapa, na umeondoka nyumbani saa ngapi?" Hili kila mtu ana jibu lake, halina aibu, na linafichua mengi. Wa Mgeta ataeleza alivyoshuka mlima alfajiri, wa Dakawa atasema amepanda basi lililotoka Dodoma. Kisha wahamishe: "Sasa nenda mahali ambapo umewahi kuishi au kufanya kazi zamani." Wataondoka kwenye vijiji vyao na kukutana na wageni. Wasiohama wabaki. Swali la pili kwa majirani wapya, dakika mbili: "Watu wa hapo ulipo, mgeni akija lazima ale nini?" Ishia hapo hata kama wamenoga. Mchezo unaokatizwa ungali mtamu huvuta wa pili.

Tahadhari moja. Wilaya yenu imepitia migogoro ya wakulima na wafugaji, na ukumbini watakuwepo watu wa pande zote mbili. Kwa hiyo usiwagawe kwa kazi za nyumbani kwao, "wenye ng'ombe huku, wenye mashamba kule", wala kwa kabila, wala kwa dini. Ramani ya vijiji inatosha. Utani wa makabila, kama ule wa Wachaga na Wapare, ni mali ya watani wenyewe. Ukizuka uache uende zake, lakini usiupange wewe kama kipindi, kwa sababu asiye na mtani ukumbini atabaki mtazamaji, na anayeumia hatakwambia.

Dakika 13: nusu ya methali

Kila methali imekatwa vipande viwili; mwanzo kwenye kadi ya njano, mwisho kwenye kadi ya kijani. Mwenye njano anamtafuta mwenye kijani. Rangi si urembo. Bila rangi kila mtu anawatafuta wenzake 41. Kwa rangi anawatafuta 21, na dakika tano za kuzunguka zinakuwa mbili au tatu.

Chagua methali zinazojulikana bara, na ambazo miisho yake haiingiliani. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukiweka "Asiyefunzwa na mamaye" pamoja na "Asiyesikia la mkuu", mwenye "huvunjika guu" ana wachumba wawili na wote wanafaa kisarufi. Ukiweka "Haba na haba", "Bandu bandu" na "Chovya chovya" katika fungu moja, utakuwa umeandaa ugomvi. "Mwenda tezi na omo" ni tamu Pwani, lakini Turiani huenda ikamwacha mtu na kadi asiyoielewa. Fungu hili la 21 limechujwa kwa mtindo huo:

Haba na haba / hujaza kibaba. Mgeni njoo / mwenyeji apone. Asiyefunzwa na mamaye / hufunzwa na ulimwengu. Mtaka cha mvunguni / sharti ainame. Maji yakimwagika / hayazoleki. Akili ni nywele / kila mtu ana zake. Kidole kimoja / hakivunji chawa. Samaki mkunje / angali mbichi. Chanda chema / huvikwa pete. Mchagua jembe / si mkulima. Penye nia / pana njia. Usipoziba ufa / utajenga ukuta. Haraka haraka / haina baraka. Dawa ya moto / ni moto. Jungu kuu / halikosi ukoko. Wapiganapo tembo / nyasi huumia. Mvumilivu / hula mbivu. Paka akiondoka / panya hutawala. Umoja ni nguvu / utengano ni udhaifu. Baada ya dhiki / faraja. Kinga / ni bora kuliko tiba.

Ya akiba ni "Mtoto umleavyo / ndivyo akuavyo".

Kosa kubwa zaidi la mchezo huu hutokea kabla haujaanza. Mwezeshaji anachanganya kadi zote 42, wanafika watu 37, anagawa mpaka watu waishe. Kadi tano zinabaki mkononi, na ukumbini kunaweza kuwa na watu hadi watano wanaozunguka wakitafuta wenza ambao hawapo. Kwa hiyo shikiza kila jozi kwa pini. Hesabu watu kwanza, chomoa jozi zinazolingana na idadi yao, ndipo ufungue pini na kuchanganya. Wakiwa namba witiri, andika mwisho mmoja mara mbili kwenye kadi ya akiba; hao watakuwa watatu. Kwa watu 37 utatumia jozi 18 na kadi moja ya ziada. Anayechelewa asipewe kadi. Mpeleke mkononi kwa jozi iliyokwisha kukutana, wamkaribishe.

Kadi pia usizigawe mlangoni watu wanapoingia mmoja mmoja. Aliyefika saa mbili anaweza kukaa saa nzima na "Samaki mkunje" yake huku mwenzake yuko njiani.

Wapo watakaosahau miwani, na huenda yupo ambaye kusoma kunamtatiza na hatasema. Wewe na msaidizi wako mnapogawa, msomee kila mtu kadi yake kwa sauti ya chini, wote bila kubagua, ili asionekane mmoja. Kisha waambie watafute kwa kusema, si kwa kuonyeshana kadi. Mtu akishaishika nusu yake kichwani, kadi haina kazi tena.

Wakikutana, jozi inakaa chini. Viti sasa vinaruhusiwa, na mwenye magoti atashukuru. Wape maswali mawili na dakika sita, tatu kwa kila mmoja, nawe uite "Kitendawili!" katikati ili wabadilishane. Usiwaachie wenyewe kugawana muda. Kijana atatoa shikamoo, mzee ataipokea, ataanza kusimulia, na kijana kwa adabu yake hatamkatiza hata dakika sita ziishe. Sema wazi kwamba mdogo ndiye anaanza. Hilo linamweka mzee kwenye nafasi ya msikilizaji bila kumvunjia heshima, maana ni utaratibu uliotangazwa na si kijana aliyejitanguliza.

Maswali yafaayo kwa watu wa kazi hii: "Kitongojini kwako watu wanakuitaje?" na "Kazi gani ya mikono umefundishwa na mtu wa nyumbani, na nani alikufundisha?" La kwanza huzaa kicheko mara nyingi, kwa sababu wahudumu wa jamii hubandikwa majina: yupo atakayeitwa dokta na hajasomea udaktari, yupo atakayeitwa Mama Chandarua. La pili humpa kila mtu kitu cha kujivunia, iwe kusuka ukili au kufunga nira ya ng'ombe.

Maswali ya kuepuka yanaonekana mepesi ndiyo maana yanaponyoka. "Una watoto wangapi?" humkuta aliyefiwa na asiyejaliwa. "Umeolewa?" humkuta mjane na aliyeachika wiki iliyopita. "Tuambie siri yako moja ambayo hakuna anayeijua" ni swali la watu watakaorudi kijiji kimoja na kutibu familia zile zile, halifai kabisa. Na ule mchezo wa kusema mambo matatu, mawili ya kweli na moja la uongo, unapendwa kwenye ofisi za mjini, lakini hapa una kasoro mbili: wapo wanaoona vibaya kuambiwa watunge uongo, na katika watu 42 unarudisha foleni ile ile ya dakika 63.

Dakika 14: jozi tatu kuwa kikundi

Jozi tatu zilizo karibu ziungane. Mnapata vikundi saba vya watu sita. Pita haraka uangalie: kama kikundi kina watu wanne wa kijiji kimoja, badilisha jozi moja na ya kikundi jirani sasa hivi, kabla hawajazoeana.

Kila mtu anamtambulisha mwenzake wa methali, si nafsi yake, dakika moja kila mmoja. Hapa yale majivuno na ile haya ya kujieleza vinaondoka pamoja, maana mtu ni mkarimu zaidi akimsifu mwenzake kuliko akijisifu. Mtu mkubwa kwa umri katika kila kikundi ashike muda. Ni kazi ya kweli, na inamfaa. Waonye kwamba anayetambulishwa haruhusiwi kusahihisha mpaka mwisho, la sivyo dakika moja inakuwa tatu.

Dakika zinazobaki, wape kazi moja: watafute jambo moja wanalofanana wote sita ambalo halionekani kwa macho na halihusu kazi ya afya. "Sote tuna meno" haikubaliwi. Watakuja na mambo kama kwamba wote wamewahi kulima mpunga, au wote wanaogopa radi. Kisha wachague jina la kikundi kutokana na jambo hilo na waliandike kwa kalamu rashasha kwenye bango kitita, yaani karatasi kubwa ya kubandika ukutani, pamoja na majina yao sita. Bango hilo libaki ukutani siku zote tano. Ndilo linalochukua nafasi ya ule utambulisho wa ukumbi mzima: anayetaka kujua fulani ni nani anasoma.

Dakika 15: vitendawili, na mji wa kweli

Sasa vikundi vishindane. Kikundi kinatega, kingine kinajibu. Unajua utaratibu wa zamani: walioshindwa hutoa mji, mtegaji anauchukua, anajisifu kidogo jinsi alivyokwenda huko akapokelewa, ndipo anafumbua. Tubadilishe kidogo tu. Mji unaotolewa lazima uwe kijiji au kitongoji anachotoka mmoja wa wanakikundi, na mtoaji anakitaja kwa jina la mwenyewe: "Tunakupa Nyandira, kwao Mama Neema." Mtegaji akishachukua mji anasema neno moja la kuusifia, na mwenye kwao anasimama aonekane.

Kwa njia hiyo ukumbi mzima unasikia majina na vijiji bila mtu hata mmoja kupangwa foleni, na kushindwa kunageuka kuwa heshima, kwa kuwa aliyeshindwa ndiye kwao kunasifiwa. Linganisha na ile adhabu ya kucheza mbele. Adhabu hufundisha jambo moja, kwamba ukumbi huu ukikosea unachekwa. Mtu aliyeambiwa hivyo saa tatu asubuhi hatauliza swali la dozi saa sita mchana. Michezo ya kutoana nje nayo ina kasoro hiyo hiyo: wa kwanza kutoka ni wale wazito na wenye haya, yaani wale wale uliokuwa unataka wachangamke, na sasa wamekaa pembeni wanatazama.

Anza wewe na vyepesi ili mwendo uingie: "Nyumba yangu haina mlango", yai, "Kuku wangu katagia miibani", nanasi, "Huku ng'o na kule ng'o", giza. Baada ya hivyo viwili vitatu waachie. Kila kikundi kitege mara moja, sekunde 30 za kujibu, jumla raundi saba. Kwa maneno ya kusifia miji utakula dakika 14 au 15. Mteue mtu mmoja mzima awe mwamuzi wa jibu linalokubalika, maana vitendawili vina majibu tofauti kila kijiji na watabishana. Wapo watakaotega vyenye maana mbili, moja ya chumbani. Mwamuzi mwenye mvi atalimaliza hilo kwa jicho moja; wewe wa miaka 27 ungelazimika kuhutubia.

Ukijumlisha umetumia dakika 54. Zile sita ulizobakiza si za mchezo wa tano. Zitaliwa na kusogeza viti, waliochelewa, na maelekezo.

Maelekezo yenyewe

Mchezo mzuri hufa kwa maelekezo. Eleza kabla hawajasogea, kwa sentensi tatu: tunakaaje, tunafanya nini, tunaishia lini. Kisha fanya mfano na msaidizi wako mbele yao kwa nusu dakika. Ndipo useme "haya". Ukiwaambia kwanza "tafuteni wenzenu" halafu ukaanza kueleza cha kufanya, hakuna atakayekusikia, na utaeleza mara nne.

Usiseme "sasa tucheze mchezo". Neno hilo linamfanya mzee avute kiti nyuma. Sema "tuanze kazi kwa kujuana". Na waite wakubwa kama inavyostahili, baba zangu na mama zangu, bila kugeuza kila sentensi kuwa kuomba radhi. Kijana anayeomba radhi mno anawapa watu sababu ya kumkatalia.

Asiyetaka kusimama usimvute mkono mbele ya watu. Mpe kazi ya kukaa: ashike saa, au awe mwamuzi. Mara nyingi kuna sababu usiyoijua, mimba changa, goti, au amefunga. Mkiangukia Ramadhani mpango huu unaendeka bila kupunguza kitu, kwa kuwa hauna kukimbia. Ile ya mbio na jua la saa sita ungelazimika kuitupa. Vilevile hauna kushikana mikono wala kukumbatiana kati ya wanaume na wanawake, na hilo nililikusudia.

Mgeni rasmi

Huyu ndiye atakayevuruga ratiba. Akichelewa, waandaaji watakuomba usubiri. Usisubiri ukiwa umekaza mikono. Anza na ramani, kwa sababu inaweza kukatizwa popote. Methali usizianze mpaka awe ameshafungua na kuondoka, maana akiingia katikati watu wote watasimama, jozi zitavunjika, na kadi zitaishia mifukoni. Akibaki kukaa nyuma "asikilize kidogo", mpe kadi. Akiwa na "Mtaka cha mvunguni" mkononi atamtafuta mwenzake kama wengine. Mkubwa anayetazama tu kwa pembeni hunyamazisha ukumbi kuliko mkubwa anayeshiriki.

Muda ukikatwa ubaki dakika 30, acha ramani na uache vitendawili. Methali na vikundi vya sita ndiyo mifupa. Vingine ni nyama.

Mpira wa uzi, kama utashawishika

Huenda mtu atakushauri mchezo wa kurushiana uzi mpaka utengenezeke utando. Ni mzuri, lakini si kwa watu 42. Duara la watu 42, kila mmoja akichukua sentimita 70, lina kipenyo cha mita tisa na zaidi. Mrusho wa kawaida ni kama mita sita, kwa hiyo mtahitaji karibu mita 250 za uzi, na wa mwisho atakuwa amesubiri nusu saa. Kwa watu 14 kipenyo ni mita tatu hivi, na uzi wa mita 30 hadi 35 unatosha. Ukiutaka, ufanye siku ya tatu kwa makundi matatu, na uwe uzi wa kufumia. Kamba ya katani ni nzito na inachubua mikono.

Kujua kama imefaa

Usiwapime kwa kumwita mtu ataje majina ya wenzake. Utarudisha ile aibu uliyoikimbia. Nenda kwenye chai, ushike kikombe chako, uangalie. Kama watu wa Doma wanakunywa na watu wa Doma, umewachangamsha tu, hujawafahamisha. Katika kipindi kinachofuata wape vikundi vile saba kazi ya masomo mara moja, bila kuvivunja, ili ujuano upate kitu cha kufanya.

Baada ya chakula cha mchana, saa nane, watasinzia hata kama asubuhi ilikwenda vizuri. Dakika nne za "nyama" zinatosha: unataja mnyama, anayeliwa wote wanaitikia "nyama!" na kupiga kofi moja, asiyeliwa wananyamaza. Wafanye wakiwa wamesimama palepale kwenye viti vyao, bila kumtoa aliyekosea. Nguruwe usimtaje, nusu ya ukumbi itaitikia na nusu itanyamaza, na wote watageuka kutazamana.

Siku ya pili asubuhi changanya tena, lakini kwa uangalifu: gawa zile kadi za njano na kijani upya, jozi mpya, swali moja, dakika nne, kisha kila mmoja arudi kwenye kikundi chake cha jana na kuwaeleza wenzake alikutana na nani. Angalia pini kabla ya kugawa. Kufikia siku hiyo kadi mbili tatu zitakuwa zimepotea, na hutaki "Mgeni njoo" azunguke ukumbini bila mwenyeji.